Mtani Niliyemwita Mwizi

Nchelenge, karibu na gati
Zambia
Tarehe 9 Oktoba 1977

Mpendwa mpwa wangu Zéphirin,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo hii ya ziwa Mweru. Najua serikali yenu imewapa majina mapya, lakini nilikusimamia ubatizo kwa jina hili na sina muda wa kuzoea jingine. U hali gani? Colette mkeo je, na watoto? Tangu tuliposikia redioni habari za vita vya mwezi wa tatu huko kwenu Shaba hatujapata neno lako. Dada yangu, mama yako, huvuka kutoka kisiwa cha Kilwa kila siku ya soko kuniuliza kama barua imefika.

Mimi sijambo kwa kusema tu. Miguu imevimba, na daktari ameacha kuniambia nitapona. Siku hizi ananiuliza habari za wajukuu.

Nakuandikia kwa sababu wewe ndiwe utakayerithi jina langu, na jina hilo lina doa usilolijua. Nimeshtuka mara mbili ndani ya mwezi mmoja, katika umri ambao nilidhani hakuna tena la kunishtua.

Unamkumbuka Kapembwa, mvuvi wa Kabuta, mwenye sauti kama chura? Sisi ni ukoo wa Samaki, yeye ni wa ukoo wa Mamba, na koo hizi mbili ni watani tangu mababu. Aliweza kuingia kwangu akatwaa kuku au shati, akanitukana mbele ya mke wangu, nami nikamrudishia. Atakayetangulia kufa, mwenzake ndiye atakayemzika kwa vicheko. Ulipokuwa mdogo ulimwona akivaa kofia yangu ya kijivu na kuburuta mguu wa kushoto kama mimi, ukacheka hadi ukaanguka.

Mwaka 1969 nilikuwa na malori matatu ya kupeleka chisense, dagaa wetu, hadi miji ya migodi. Nilikuwa na mashine ya kusaga na friji ya mafuta ya taa. Hata hivyo, kila nilipokaa na matajiri wenzangu nilijiona kama mtu aliyeingia kanisa la wengine, asijue wapi pa kupiga magoti. Wao walizungumza gofu na shule za Uingereza. Mimi nilinusa vidole vyangu kwa siri, nijue kama bado vina harufu ya samaki.

Jumapili moja baada ya misa niliwaalika wanne kwa chakula, mkubwa wao Goodson, mwenye mabasi. Tulikula samaki na kuku kwa uma. Mpwa wangu, mimi niliyezaliwa ziwani nilimeza miiba, nisionekane nikiitoa kwa mkono.

Hapo Kapembwa akaingia bila kubisha. Akachukua kofia yangu msumarini, akaivaa, akaburuta mguu kuizunguka meza.

"Samaki wangu munene!" akasema. "Nani amekukalisha na bakubwa? Leo batakukula na miiba yako!"

Akabeba bakuli la kuku, akaelekea mlangoni. Goodson akanigeukia. "Unamfahamu huyu?"

Nikasema, "Simjui. Ni mwizi."

Kapembwa akacheka, akidhani ni zamu yangu ya kutania. "Ee, leo Samaki ameuma!" Alizidi kucheka hadi askari niliyemwita alipofika.

Alifungwa miezi minne. Hakimu alipomwuliza kama ana la kusema, alijibu kwamba tajiri akisema hamjui, basi hamjui. Akiwa gerezani mama yake alifariki. Kuchimba kaburi lile ilikuwa kazi yetu sisi watu wa Samaki. Nilituma gunia la unga. Sikwenda.

Tangu hapo hakuna wa ukoo wa Mamba aliyenitania. Wananipisha njia. Kofia niliirudisha msumarini na sikuivaa tena.

Sasa sikia kilichonishtua. Wiki tatu zilizopita Goodson alikuja kunijulia hali, mzee kama mimi. Akauliza, "Bwana Chalwe, yule mtani wako yu hai?"

Nikamwuliza, "Ulijua kwamba ni mtani?"

"Nani asingejua? Nilikuuliza ili unitambulishe, nami nimtukane kidogo. Ukasema mwizi, tukanyamaza. Tulikuogopa, bwana! Mtu wa seminari, mwenye Kilatini. Uma zile tulizishika kwa ajili yako. Tulipotoka tulisimamisha gari Kashikishi, tukala ugali wetu wa bukari na samaki kwa mikono, maana tulikuwa na njaa."

Zéphirin, nilimfunga ndugu yangu ili nipendeze watu waliokuwa wakiniogopa mimi.

Nikatuma mtu Kabuta. Kapembwa amefika leo asubuhi, kichwa chote cheupe. Nilitamani tusi moja tu. Amevua viatu mlangoni, amepiga makofi taratibu kama mbele ya chifu, ameketi ukingoni mwa mkeka. Nimemwomba msamaha.

"Ndiyo, mukwai," amejibu, kana kwamba mimi ni bwana wake.

Nimemchokoza: "Wewe Mamba usiye na meno, huna hata neno?"

"Hapana, mukwai. Bwana apumzike."

Sikujua kwamba heshima inaweza kuumiza hivi. Ameomba kukaa kidogo sebuleni jua lipungue, kisha ameondoka bila kuaga.

Kwa hiyo nakuomba: nikifa, vuka ziwa, nenda Kabuta na kuku mweupe, umpigie magoti kwa niaba yangu. Nisizikwe na watu wa kukodiwa, wasio na la kusema juu yangu.

Msalimie Colette. Wasalimie Roger na Clémentine, waambie babu yao

Nimekatizwa hapo. Mama Rosaria anayeniuguza ameingia akipiga kelele: kofia haipo msumarini, na jogoo mwekundu hayupo bandani! Anataka aitwe polisi. Nimecheka hadi kukohoa, na wino umemwagika kama unavyoona. Nimemwambia, "Polisi wa nini, mama? Keti chini."

Basi sahau habari ya kuku mweupe. Njoo tu. Siku ya kunizika atatokea mzee mwenye kofia ya kijivu, akiburuta mguu wa kushoto. Atanitukana mbele ya padri, na pengine atalikalia jeneza. Mwache. Na mtu yeyote akikuuliza kama unamjua, sema unamjua.

Mungu ailinde nyumba yako, na akuvushe salama ziwani.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hadi mwisho,
François Chalwe