Mzee wa Ng'ombe na Leseni Yangu

Jumatano, Izia

Leseni yangu ya uuguzi niliitundika ukutani pale zahanati juzi tu, kwenye fremu ya dhahabu, ili wagonjwa wajue wanachomwa sindano na msomi.

Leo akaja mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji, kambeba mjukuu wake. Mtoto anaharisha tangu jana, macho yamezama. Nikamwamkia mzee shikamoo. Akaitikia huku anaikagua mikono yangu.

Mtoto alihitaji dripu. Nikachoma, nikakosa mshipa. Nikachoma tena, nikakosa. Nikasingizia baridi. Ukweli ni kwamba niliogopa atanifia.

"Binti, hii kazi umeisomea miaka mingapi?"

"Mitatu, mzee. Leseni yangu ile pale."

"Mimi nachoma ng'ombe sindano mwaka wa thelathini sasa. Karatasi sina, na hakuna aliyerudi kulalamika."

Nilitaka kumwambia ng'ombe huwa hawalalamiki. Mzee hakunisubiri. Akaushika mkono wa mtoto, akausuguasugua taratibu mpaka ukapata joto, kisha akanionyesha kwa kidole. "Hapo."

Nikachoma hapo hapo. Damu ikarudi, dripu ikatembea. Machozi yakanilenga, mjinga mimi.

Jioni mtoto alikuwa analilia uji. Mzee akanipa mkono wa kuniaga.

"Unajifunza haraka, binti. Ukikaza hivyo hivyo, utafaa hata kwa ng'ombe."

Siku ya kupewa leseni sikufurahi hivi.