Spika za Nyuma ya Kiti

Shemeji Pastori,

Shikamoo huko uliko. Najua marahaba haitarudi, lakini wewe ndiye uliyemwoa dada yangu mkubwa, na sijazoea kuanza kuongea na wewe bila shikamoo. Hata sasa umelala chini ya migomba, siwezi.

Habari zako zimenifikia wiki iliyopita huku kwenye mkonge. Samweli wa kwetu Kanazi alirudi kutoka likizo, akaniita pembeni, akasema, "Shemeji yako hatunaye. Ni kifua kile kile." Nilikuwa nimebeba mzigo wa majani. Niliutua, nikasimama kidogo, halafu nikaubeba tena kwa sababu msimamizi alikuwa anaangalia. Ndivyo nilivyokulilia. Tangu siku ile mwili umekuwa mzito kuliko mzigo.

Dada naye ametuma neno kwa Samweli. Kuna mfanyabiashara wa Biharamulo anaitaka ile mashine yako ya santuri. Dada anauliza aiuze, au naitaka mimi. Anasema kila kitu kipo, hata zile nyaya ulizotundika kwenye msumari juu ya mlango ukakataza watu wasiziguse. Nimeshindwa kumjibu, ndiyo maana nimekuja kwako kwanza.

Unakumbuka ilivyofika. Padri alikuwa anarudi kwao, na kwa vile ulimtengenezea jenereta miaka yote, akakuachia mashine ya stirio, amplifaya, spika zake mbili na santuri kubwa ya kwaya iliyorekodiwa ndani ya kanisa moja la huko kwao. Uliiwasha kwa betri za gari. Wakati huo tulikuwa tumeshahamishwa kutoka kwenye vibanja vyetu vya migomba, tumepangwa kijijini nyumba kwa nyumba kando ya barabara. Tulikaa tukaelekea ukuta, spika moja kushoto, nyingine kulia. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Wewe ulikunja uso.

"Muziki huu umepangwa kama sisi," ulisema. "Wote mbele, kwenye mstari, wanaangalia barabara."

Nikakwambia usije ukasema hivyo mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ukasema mwenyekiti mwenyewe anakumbuka mgombani. "Kule, shemeji, mtu alikuwa anakaa katikati ya sauti. Ng'ombe huku, watoto kule, mama anakuita kutoka nyuma ya nyumba. Mimi nataka hiyo."

Ukafungua redio mbili zilizokufa, ukatoa spika zake, ukazitengenezea masanduku, ukayaweka nyuma ya kiti. Padri alikuwa amekuelekeza kabla hajaondoka. Waya mmoja ulitoka kwenye chanya ya kushoto ya amplifaya, mwingine kwenye chanya ya kulia, na hasi hukuigusa kabisa. Mimi nilishika koleo nikiwa na hakika unaiunguza mashine. Ukanieleza pole pole, kama anavyoelezwa mtu aliyeishia darasa la nne: kile ambacho kushoto na kulia wanakisema pamoja, huku nyuma kinafutika. Kinachobaki ni kile wanachotofautiana.

"Sasa kinachobaki ni nini?" nikauliza.

"Kanisa lenyewe. Kuta zake."

Kwanza uliweka zile santuri ndogo za dansi, na nyuma pakawa kimya, kwa sababu ni za sauti moja, kushoto na kulia hawana tofauti yoyote. Nikakucheka sana. Nikasema shemeji umejenga mabanda mawili ya kuku, tafuta na kuku wenyewe. Ukaweka kwaya. Mbele yetu waliimba kama kawaida, na nyuma yetu kitu kikaanza kupanda, kikaelea, kikarudi, mpaka nikaangalia juu kuona kama paa la nyasi bado lipo.

Mama yangu alikuwa jikoni na dada, kwa maana asingeweza kuingia kukaa na mkwe wake sebuleni. Akasikia kwaya kupitia ukutani, upande wa shamba. Akatoka nje na kata ya pombe ya ndizi mkononi, akazunguka nyumba nzima. Tulimsikia akimwambia dada, "Hawa wageni wa mumeo ni watu gani? Wanaimba kabla ya kupiga hodi, ukiwakaribisha wanajificha." Ulicheka mpaka ukakohoa. Baadaye ukaacha kucheka, ukasema, "Umeona? Ametoka kukaribisha watu nyuma ya nyumba. Hajafanya hivyo tangu tuhamishwe."

Halafu vita ikaja. Nilichukuliwa na wenzangu wa mgambo, tukavuka mpaka. Tulitembea ndani ya migomba kama ile ya kwetu, na mabaya yaliyotupata yalitoka nyuma. Sitasema zaidi. Hukuniuliza ulipokuwa hai.

Niliporudi mlichinja mbuzi. Ukanikalisha pale katikati, kwenye kiti chako mwenyewe, ukaniwekea kwaya. Ilipoanza kupanda nyuma yangu, sijui kilichotokea. Nilijikuta chini ya meza, pombe imenimwagikia, nyumba nzima imenyamaza. Mtu mmoja mlangoni akaanza kucheka.

Ukashuka chini ukapiga magoti kando yangu. "Kumbe na wewe umekiona kilivyoanguka?" ulisema kwa sauti kubwa. "Kisu changu cha nyama hicho. Haya shemeji, tafuta huko, mimi natafuta huku."

Tukatambaa wawili chini ya meza, watu wazima, tukitafuta kisu kilichokuwa kiunoni mwako. Dada akaanza kulalamika kwamba wanaume wa nyumba hii wanalewa kabla ya chakula. Watu wakacheka. Lakini walitucheka wawili, si mimi peke yangu.

Asubuhi nilikukuta umezifungua nyaya za nyuma, umezikunja, unazitundika kwenye msumari. Dada akakuuliza imekuwaje, na kitu hiki ulikipenda kuliko ng'ombe.

"Ziache zipumzike," ulimwambia. "Waya hauozi."

Tangu hapo ukasikiliza muziki wako kwenye mstari, usivyoupenda, kwa ajili yangu. Msimu uliofuata nikajiandikisha kuja huku. Samweli anasema hata nilipoondoka hukuzirudisha. Watu walipokuuliza, ulisema mwenye kiti hajarudi.

Nimechoka, shemeji. Miiba ya mkonge imenijaa mikononi, na mgongo haunyooki tena. Kambini nimechagua kitanda cha ukutani. Nikinywa chai kwenye kibanda, nakaa nimeegemea ukuta. Jumapili baada ya kupata habari zako nilichelewa kanisani, nafasi zikawa zimebaki mbele tu, na kwaya ya hapa inasimama nyuma karibu na mlango. Nikasema leo nitakaa, kwa ajili ya Pastori. Nilifika ubeti wa pili, nikatoka. Nje nilikaa kwenye jiwe, nikawasikiliza mpaka mwisho. Waliimba vizuri.

Sasa nimeamua. Samweli anamtuma mtu wa kwetu anayerudi nyumbani kesho, nami nimempa neno la kumpelekea dada: asiiuze, na nyaya asiziguse. Mkataba ukiisha narudi. Nitazitundua mwenyewe, chanya kwa chanya, hasi siigusi. Nitaanza na spika moja, sauti chini kabisa, halafu nitakaa pale kati.

Pumzika. Mimi sikuahidi kwamba nitaweza. Nikijikuta chini tena na watu wamenyamaza, nitawaambia natafuta kisu chako.

Ni mimi shemeji yako,
mdogo wa mkeo.