Neno Lililotutia Msibani

Mkwaja,
Pangani.
19 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Tausi,

Assalaam alaykum, na shikamoo shangazi yangu. U hali gani huko Tunduru? Presha imeshuka, au bado inakusumbua unapoinama? Nasi huku tu wazima kwa uwezo wa Mola, isipokuwa mama, wifi yako, ambaye magoti yanamuuma na usingizi haumkai.

Nimekupigia simu sana tangu siku ile uliyozungumza na Baba mdogo Msafiri, lakini hupatikani. Ndiyo maana naandika. Barua hii nampa Zebedayo wa Pongwe, anakuja huko kununua korosho, naye ameahidi kuikabidhi mkononi mwako. Kaa kwanza, shangazi, ndipo usome.

Uweso hajafa. Narudia, maana najua ulimlilia. Kaka yangu yu hai, yuko Durban, na anakula. Ile habari aliyokupa Baba mdogo hakuizua. Sote tuliiamini, hata mimi. Tulimsalia sala ya ghaibu msikitini, na watu wakaketi matanga hapa uani.

Ilikuwa hivi. Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu yangu, mwanaume mzee anazungumza Kiingereza taratibu, anajitaja kuwa Robert. Tulichoelewa ni jina la Uweso tu. Wewe unajua tangu aende kufanya kazi melini huu ni mwaka wa tatu, na tangu mtoto wao Mwanaidi afariki hakuwahi kupiga simu, si kwa mkewe Sabiha, si kwa mama. Basi kusikia jina lake mdomoni mwa mgeni, mama aliniambia nitafute mtu wa kututafsiria.

Nikamkimbilia Mwalimu Edgar, anayefundisha hisabati hapa shuleni. Ni jirani mwema, na usimlaumu. Alisikiliza, akarudia kusikiliza, akatutafsiria neno kwa neno. Alisema neno moja linajirudia, “take”, maana yake kuchukua. Walimchukua Uweso kutoka melini. Watu wa kanisa wakamchukua ndani. Mwisho mzee anaomba tumuulize mkewe kama atamchukua kumrudisha.

Shangazi, ungesikia nini wewe? Mtu amechukuliwa kutoka melini, amechukuliwa ndani ya kanisa, na mkewe anaulizwa kama atamrudisha. Sisi tulisikia maiti. Mama aliuliza, “Mwanangu ni Mwislamu. Kanisani wanamwingiza kufanya nini?” Baba mdogo akatoka kwenda kwa imamu.

Hapo ndipo mambo yakachanganyika. Wanawake wakaja na mikeka, wengine wakawasha moto wa kupikia, wengine wananiuliza amekufa kwa ugonjwa gani, nami sijui. Baba mdogo anasema maiti aletwe. Mama anasema azikwe huko huko, mradi azikwe na Waislamu. Mimi nilikuwa nalia huku najiuliza kwa nini mzee yule sauti yake ilikuwa changamfu namna ile. Nikajiambia huenda ndivyo wanavyotoa tanzia kwao.

Sabiha peke yake hakulia. Mashangazi zake walimwambia aingie eda, avue bangili. Akawajibu, “Siwezi kukaa eda kwa neno nisilolijua.” Walimwona ana moyo mgumu. Hata mimi nilimwona hivyo, Mungu anisamehe. Nilidhani bado anamlipizia Uweso kwa kutokuja kumzika mtoto.

Lakini yeye ndiye aliyemwendea Mwalimu Edgar, akamwambia asitafsiri tena, ampigie mzee yule na kumuuliza jambo moja tu, kama Uweso amekufa. Mwalimu akapiga mbele yetu, uani. Akauliza. Mzee akacheka kwanza, halafu akashtuka. Mwalimu akageuka, uso unamvuja jasho, akasema, “Anasema hajafa. Anasema yuko mezani, anakula.”

Mama alikaa chini pale pale kwenye mavumbi. Watu hawakujua washangilie au waondoke. Chungu cha wali wa matanga kilikuwa kimeshaiva, basi tukakila vilevile, na sijui hadi leo kilikuwa chakula cha nini.

Baadaye mzee Robert alieleza yote pole pole, na Mwalimu naye akatueleza. Uweso alianguka ndani ya meli akavunjika mguu. Wakamshusha Durban, meli ikaenda zake. Watu wa kanisa la mzee huyo wakamkuta bandarini hana pa kulala, wakampa hifadhi. Anasali sala zake tano nyumbani kwao, na hawajamwambia neno. Mwalimu anasema Kiingereza kina kitenzi kimoja, halafu wanamweka mtu katikati, “him”, kama sisi tunavyotia “m” katika “kumchukua”. Kisha mwishoni wanabandika kineno kidogo, na maana yote inakimbilia huko. “Take him off” ni kumshusha. “Take him in” ni kumkaribisha akae. Mama akasema mbona hata kwetu kumchukua mtu na kuchukuliana naye ni mambo mawili. Mwalimu akakubali, lakini mimi vineno hivyo bado vinanichanganya. Nikivishika usiku, asubuhi vimetoroka.

Kilichobaki ni kile cha mwisho, “take him back”. Hicho si kumrudisha kwa gari wala kwa jeneza. Mwalimu aliinama alipokisema. Uweso alikuwa anauliza kama mkewe atampokea tena awe mumewe. Alimtuma mzee aulize kwa sababu yeye mwenyewe aliona haya.

Sote tukamtazama Sabiha. Akasema, “Mwambieni aulize mwenyewe, na aulize kwa Kiswahili.”

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Uweso akapiga. Sauti yake imekuwa nyembamba, shangazi, ningeisikia barabarani nisingeitambua. Alitaka kuzungumza na mama kwanza, mama akakataa, akampa Sabiha simu. Nilikuwa karibu, nikasikia. Uweso alisema, “Sabiha, nilipata habari ya mtoto nikiwa baharini, nikaogopa sauti yako. Kila siku iliyopita ikaniongezea woga. Utanipokea?”

Sabiha akamwambia, “Njoo kwanza twende kaburini kwa Mwanaidi. Hujawahi kufika. Mengine tutazungumza tukitoka huko.”

Akanirudishia simu, akaenda kuanua nguo.

Sasa hapa nyumbani hatuelewani. Baba mdogo anasema amempokea. Mama anasema amekataa kwa adabu. Mimi sijui, na hiki ni Kiswahili chetu wenyewe, hakihitaji mwalimu. Uweso anatarajiwa mwezi ujao, anatembea kwa gongo. Atafikia kwa mama. Juzi nilimkuta Sabiha anapalilia kaburi la mtoto, ametengeneza na njia ya kufikia pale, pana, ameondoa mawe yote. Nilimuuliza kwa nini njia kubwa hivyo. Akasema mtu wa gongo hapiti penye mawe.

Ikiwa unaweza, njoo wakati huo. Sabiha anakusikiliza kuliko sisi.

Mama anakusalimu sana, na Baba mdogo Msafiri anakuomba radhi kwa kukutia msibani. Sabiha anakubusu mikono. Nisalimie binamu zangu wote, na umwambie binti yako Queen kuwa khanga zake nimezihifadhi. Mungu akupe afya, akuvushe salama mpaka tuonane.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye daima,

Nasma