Sufu Yangu Imepigwa Kama Gome la Mti

Nkwenda, Jumatano, mwezi wa Rajabu. Ukungu umekaa migombani tangu alfajiri na vidole vinaniuma kwa baridi. Usiniulize habari za moyo.

Nimekasirika, na hata sijui nimkasirikie nani.

Baba alinipa sharti. Nikifuma fulana yangu mwenyewe kabla ya Ijumaa, bila kugusa uzi mpya wa dukani kwake, nitarudi misheni kwa mke wa mwalimu, anayenifundisha kufuma na kusoma Kijerumani. Nikishindwa, nibaki dukani kupima chumvi. "Bonge moja la sufu ni bei ya kanga," alisema. "Unataka kuvaa faida yangu?"

Basi Mama akanitafutia fulana kuukuu ya sufu kwa askari aliyekuwa akirudi kwao. Viwiko vimetoboka, lakini aliitoa kwa kibaba cha kahawa tu. Nikaifumua polepole, nikiunga kila palipokatika. Uzi ukatoka umejikunjakunja, mfano wa nywele zilizofumuliwa baada ya kukaa sana kwenye misuko. Nilifurahi mno. Fulana nzima, na dukani sikugusa kitu!

Jana akaja Babu kutoka Mabira, baba yake Mama. Kazi yake ni kutengeneza rubugo, nguo ya gome la mti, na gome likipita mikononi mwake hulainika hasa. Nilipomwamkia shikamoo alikuwa ameshaushika uzi wangu, anacheka.

"Mwana wange, kitu hiki bado kibichi. Tukichemshe, tukipige, kitanyooka."

Mke wa mwalimu alitufundisha kwa Kiswahili na kwa Kijerumani kwamba sufu haitaki maji ya moto. Unailowesha kwenye maji baridi, unaitundika na jiwe chini yake, inanyooka yenyewe. Nililijua jambo hilo kwa lugha mbili, na mdomo wangu haukufunguka hata kwa moja.

Moto nilikoleza mimi.

Babu akaufunga uzi kwenye majani ya mgomba, akauchemsha, kisha akaulaza juu ya gogo na kuupiga kwa nyundo yake ya mti, huku akiimba.

"Baba, taratibu, huo si mti!" Mama alisema.

"Wewe ulivaa kazi ya mkono huu mpaka ukaolewa. Uliwashwa?"

Mama akacheka. Na mimi nikacheka, nikaongeza kuni.

Sasa uzi hakuna. Kuna kitu bapa, kigumu, kimeshikana chote, hata ncha ya kuanzia huioni. Nimejaribu kuvuta kwa kucha, kwa meno, kwa sindano. Babu yeye alikiinua juani akafurahi kweli. "Tazama! Hata kufuma huhitaji tena."

Baba alipokiona leo alimshukuru mkwewe kwa adabu. Kisha akaniita dukani. "Vya bei rahisi ndivyo vilivyo," akasema. "Uzi ulikuwa umeoza. Kesho utakaa kwenye mizani."

Nikaitikia, "Ndiyo, Baba." Ndiyo! Uzi ulikuwa mzima, imara, nami nasema ndiyo!

Linaloniudhi si sufu tena. Babu anaamini amenisaidia, Baba anaamini tumedanganywa na askari, na mimi peke yangu ninayejua ukweli nimekaa kimya kwa sababu naona haya. Haya hiyo ndiyo itakayonifungia dukani, si Baba.

Sitaki Babu aaibike. Lakini naweza kusema langu: kwamba uzi ulikuwa mzuri, kwamba nilijua maji ya moto yatauharibu, kwamba niliwasha moto hivyo hivyo. Kisha nimwombe Baba aniache nitafute fulana nyingine kuukuu, na muda kidogo.

Kesho nitamwambia, kabla hajafungua mlango wa duka. Nimejaribu maneno hayo nyuma ya jiko, kwa sauti. Ilikuwa nyembamba na ilitetemeka, lakini ilitoka.