Madaftari Thelathini na Nane ya Mwalimu Kazimili

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka ghafla nyumbani kwetu Nyamigogo, tukakurudisha Kanazi, Ngara, ulale karibu na wazazi wako.

Ulifundisha Kiingereza sekondari miaka ishirini na sita. Kila Ijumaa uliwapa wanafunzi kazi ileile: aya moja ya Kiingereza kuhusu jambo waliloliona wenyewe wiki ile, si la kwenye kitabu. Ulipomaliza kusahihisha, uliandika swali chini yake kwa penseli. Kuku aliyeibwa alipatikana? Bibi alisemaje? Walimu wenzako walikutania kwamba unakusanya umbea wa kata nzima. Ulicheka, ukaendelea kuuliza.

Binti yako Eustakia, aliporudi kutoka chuoni na stashahada yake na Kiswahili chake cha kujivunia, alikubana siku moja: mbona unawachosha watoto kwa lugha ya watu? "Mtoto akiwa na jambo la kusema," ulimjibu, "hata lugha ya watu itampisha." Hakukubali. Mpaka leo bado analiwaza.

Ulituachia madaftari thelathini na nane ambayo hukuwahi kuyarudisha. Mama aliyafungia sandukuni. Alisema mwandiko wako ndio uliobaki, hautatoka ndani ya nyumba hii. Lakini mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umekaribia, na wanafunzi hawakuwa na daftari jingine la kujisomea. Tecla wa Nyantakara alikuja kuliomba lake. Mama akamkatalia kwa upole, akamkaribisha uji.

Kabla ya kuondoka, Tecla aliomba walau aone ulichomwandikia. Mama, ambaye hajui Kiingereza, alimpa huku amelishikilia upande mmoja, akamwuliza unasemaje humo. Tecla akamweleza: aliandika habari za mbuzi wao aliyemeza kitambaa, nawe ukauliza kama alipona.

Mama akauliza: "Kwani alipona?"

"Alipona, mama. Juzi kazaa mapacha."

Mama akaliachia daftari.

Baada ya hapo likawa sharti. Kila aliyefika alisalimia shikamoo, akasoma swali lako, akamjibu Mama kwa Kiswahili, ndipo akapewa daftari lake. Kwa wiki tatu wakawa wanaingia na kutoka. Siku ya tatu tulimsikia Mama akicheka, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Limebaki moja, la Felisiani, ambaye familia yake ilihama na hatujui ilikoelekea. Aliandika kwamba nyuki wamehamia kwenye paa la jiko lao. Ukamwuliza: sasa mnapikia wapi?

Felisiani, ukisoma hapa, njoo. Mama anataka kujua.

Unakumbukwa na mkeo Agripina, wanao Eustakia na Danstan, dada yako Leonsia, wajukuu zako, majirani wa Nyamigogo na ukoo wote wa Kanazi.

Siku zote tutakukumbuka, Baba.