Rubani wa Mkono wa Kushoto

Ipagala, Dodoma
Jumapili

Kaka Mazengo,

Shikamoo. Je, mguu wa mama umepona? Na mtama umetoa masuke, au ndege wameuwahi? Mimi ni mzima hapa kwa mjomba. Tangu nimalize shule nakaa dukani kwake, naazimisha watu kanda za video.

Unaikumbuka ile sinema ya vita iliyoletwa kijijini kwetu Haneti na gari la serikali, tukiwa wadogo? Marubani wawili, mmoja ana kovu shavuni. Anamlisha mbwa wake chungwa, anapiga saluti kwa mkono wa kushoto, kisha anaruka na harudi tena. Jina hatukulijua. Nilimwuliza Sefu, msaidizi wa mjomba, ambaye hujigamba kwamba hakuna sinema asiyoijua. Alinicheka mbele ya wanafunzi wa chuo.

"Saluti ya kushoto? Binti wa Haneti, hiyo uliota umeshiba mlenda!"

Tangu hapo kila mteja aliingia akinipigia saluti ya kushoto. Unanijua, sikati tamaa. Kila mchana Sefu alipokwenda kula, niliweka kanda moja ya vita. Wiki tatu! Nikaipata: mbwa yuleyule, chungwa lilelile. Ila saluti ilikuwa ya kulia. Nililia, kaka. Nikadhani kweli niliota.

Kisha nikaikumbuka fimbo ya balozi wetu wa nyumba kumi. Alitufukuza watoto tusikae mbele na wakubwa, tukatazamia nyuma ya shuka la kuonyeshea sinema, ambako hata herufi zilikuwa kinyume.

Jana duka likiwa limejaa, nilimwomba Sefu aketi aipe televisheni mgongo. Nikaiweka kanda ile, nikamshikia mbele ya uso kioo cha mjomba cha kunyolea. Wanafunzi walichungulia juu ya mabega yake, na rubani akapiga saluti ya kushoto, wazi kabisa. Nikawaeleza habari ya shuka. Wote wakamgeukia Sefu, wakampigia saluti hiyohiyo.

"Basi, mdogo wangu, yaishe. Hukuota," alininong'oneza.

"Sema kwa sauti."

Akasema. Nikamwambia arudie.

Jina la sinema nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, kinyume, kama tulivyoliona. Tumia kioo.

Msalimie mama, bibi mfinyanzi, na shangazi muuza karanga. Balozi usimsalimie. Mwambie tu kwamba Krismasi naja, na kioo nitakuja nacho.

Mdogo wako asiyesahau,
Sechelela