Neno la Kutoa Kabla ya Kujifungua

Mama yangu,

Huku Bunia, mtaani Saio, kumekucha na ukungu, na vitenge vyako vyote viko kwenye kamba. Nasema vyote. Hata vile vya maua ya rangi ya machungwa ulivyotukataza tusivishike, mdogo wako amevitoa sandukuni, akavichemsha, akavianika kama matambara ya jikoni. Usinikasirikie mimi. Mama mdogo anasema mtoto hapokelewi kwa kitambaa kipya, kitamkwaruza. Apokelewe kwa kitenge kilichofuliwa mpaka kikalegea. Kwa hiyo mjukuu wako wa pili atatua juu ya maua yako, na malalamiko yako uyapeleke kwa mwenyewe.

Nazalia nyumbani, Mama, katika chumba kile ulichonizalia mimi. Jirani yetu Mama Neema, ambaye ni mkunga kwenye maternite, amenipima na kunipapasa, akasema mtoto amelala vizuri, kichwa chini. Amekubali kuja kwa sharti moja: motari awe karibu na pikipiki yake, na yeye akisema twende, tunakwenda bila kujadiliana. Nimekubali. Siku hizi uchungu ukikushika jioni, njia haina uhakika, na mimi sina hamu ya kuzaa juu ya pikipiki.

Ungecheka ukimwona Baba Baraka. Tangu aambiwe kwamba maji ya moto ni kazi yake, mume wangu amejaza kila kitu chenye mdomo, bidoni, sufuria, hata birika la chai. Magunia ya makaa yamefika mpaka chini ya meza. Jana nimemkuta anapiga pasi nepi huku amekunja uso, mwalimu mzima, anafuata mikunjo kana kwamba mkaguzi anakuja. Nikakumbuka ulivyokuwa unatusimulia habari za Baba siku niliyozaliwa mimi. Mlimtoa nje, naye kwa kukosa la kufanya akapasua kuni zenu zote, akaruka ua akapasua na za jirani. Ulikuwa ukifika hapo unashika kiuno kwa kicheko, na sisi tunakuomba uanze upya. Nimekukosa sana katika mambo haya madogo. Kwenye msiba wako nililia kama watu wanavyolia. Juzi nililia peke yangu mbele ya beseni, kwa sababu sikujua kama chumvi inawekwa kwenye maji ya kukanda au la, na mtu wa kumwuliza alikuwa wewe.

Lakini sikukuandikia kwa sababu ya chumvi.

Unaijua desturi ya nyumba yetu, wewe ndiwe uliyenifundisha. Kabla mwanamke hajajifungua, wote watakaoingia chumbani wanakaa naye, na kila mmoja anatoa neno alilo nalo juu ya mwenziwe. Kinyongo kikibaki ndani, uchungu unakawia. Mama Neema ni mtu wa shule ya uuguzi, nikafikiri atacheka. Hakucheka. Alisema ameona wanawake wengi wakijibana kwa hasira mpaka mwili ukakataa kufunguka, na kwamba kukaa na kuzungumza hakujamdhuru mtu.

Basi Jumapili, baada ya ibada, Mama mdogo alituketisha kwenye mkeka, mimi, Mama Neema, na wifi yangu Esperance, ambaye anaishi kwetu tangu mwaka jana. Baba Baraka haingii chumbani, lakini aliitwa naye, kwa sababu, alisema mdogo wako, maneno mengi ya mwanamke yanatoka kwa mume.

Esperance ndiye aliyeanza. Aliangalia vidole vyake, akaniita kwa heshima ya dada mkubwa.

"Yaya, ile samaki ya Tchomia yenye Mama mudogo alileta juu ya supu yako ya uzazi, miye nilikula tatu."

"Tatu?" akauliza Mama mdogo.

"Ine."

Tulicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Mimi nikamwambia mume wangu kwamba ana tabia ya kunijibu huku anasahihisha kazi za wanafunzi, na kwamba siku moja nitajibu kwa kumwagia chai kwenye hizo karatasi. Akasema amesikia. Naye akasema hapendi ninavyomlinganisha na marehemu Baba kila anaposhindwa kufungua kitu. Nikasema nimesikia. Tukafika mwisho, nikataka kusimama, Mama mdogo akanishika goti.

"Kaa. Iko neno ingine mu roho yako."

"Hapana, Mama mudogo. Yote imetoka."

"Mutoto wa kwanza alikawia siku mbili. Neno ilikuwa ju ya nani?"

Nikasema: "Iko ju ya Mama."

Hakuna aliyecheka. Mama mdogo aliitikia kwa kichwa taratibu, na nikaona kwamba alikuwa akijua kabla sijafungua kinywa.

Sasa nakuambia wewe mwenyewe. Nilipokuwa na mimba ya Baraka, ulikuwa umeshahamia Tchomia kwa mdogo wako, mkikausha samaki pamoja. Uliniahidi kwamba utapanda kuja Bunia mapema, utanikanda mgongo, utakaa mpaka kitovu kianguke. Uchungu ukanishika kabla hujafika. Kule maternite kila mwanamke alikuwa na mama yake au mtu kama mama yake. Mimi nilikuwa na mume wangu mlangoni, maskini, akiuliza kila anayepita kama hajaona mama mmoja mrefu kutoka Tchomia. Kila mlango ulipofunguliwa niligeuza kichwa. Siku mbili, Mama. Na ulipokuja, Baraka alikuwa ameshajua kukaa mwenyewe. Uliingia na kapu la samaki, ukamnyanyua, ukasema, "Mutoto iko na mashavu ya baba yake," ukaenda jikoni kuosha sufuria. Hukuniambia chochote, na mimi kwa heshima sikukuuliza. Nilikupikia, nikakutandikia, nikakusindikiza, na tangu siku hiyo nilikuwa nakupenda huku nimefunga mlango mmoja. Ukafa bila mimi kuufungua. Hilo ndilo neno langu.

Jumapili hiyo Mama mdogo alisubiri nimalize kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini.

"Mama yako alifika ku parking mara mbili, na sakoshi yake. Mara mbili akarudia ku nyumba. Aliogopaka."

"Mama hakuogopaka kitu."

"Aliogopaka weye kufa mbele ya macho yake. Wale watoto wawili alizala mbele yako, aliwazika. Akasema, niko na mukono mubaya ku uzazi, nisiipeleke kwa binti yangu."

Habari za wale wawili nilizijua. Ulizitaja mara moja tu, tukipalilia mihogo, kama mtu anayetaja mavuno mabaya ya zamani, ukaendelea na jembe. Sikujua kwamba ulikuwa bado unawabeba. Wewe uliyewafukuza wezi kwa mwiko, uliyevuka ziwa na mzigo wa samaki wakati wanaume wanasubiri mawimbi yatulie, ulisimama pale parking na ule mkoba wako, sakoshi, mkononi, ukashindwa kupanda gari kuja kwangu.

Nimelala na habari hiyo, nimeamka nayo. Siwezi kukudanganya kwamba imemaliza kila kitu. Bado nasema ungekuja, Mama. Ungekuja ukitetemeka hivyo hivyo, ukae kwenye kona, ufunge macho. Sikuhitaji mkono wako uwe mzuri au mbaya. Nilihitaji kusikia tu kwamba uko chumbani. Mkono huo ulinilea, ulinisuka nywele, ulinichapa na ulinilisha, na bado niko hai. Ungekuwa mbaya ningekuwa nimeshajua.

Lakini hasira imetoka. Nimeitafuta asubuhi hii nilipokuwa naandika, sikuiona. Kilichobaki ni huruma, na hamu ya kukushika pale parking, nikupokonye sakoshi, nikuambie panda, twende.

Mgongo umeanza kuniuma tangu alfajiri, unauma na kuacha. Mama Neema ameshaitwa. Mama mdogo anasema niiache kalamu nitembee uani, na Baba Baraka anachochea moto kana kwamba anataka kuyeyusha sufuria. Wote wameshatoa maneno yao, na mimi langu nimelitoa. Umebaki wewe, Mama. Kama nawe uko na neno juu yangu, na najua huwezi kukosa, naomba uliweke mpaka mtoto atoke. Baadaye tutagombana vizuri. Leo uingie. Hakuna wa kukuona kama unatetemeka.

Ni mimi, binti yako uliyempata baada ya wale wawili